Boila la kuni la uani: usilifunge na majivu yake

Ndugu wa Bamburi umeuliza kama umwage maji ya boila lako la kuni, ulifunge hadi Julai kwa vile wageni wamekwisha. Usimwage. La kwangu nililimwaga, na nililia nalo.

Nina nyumba ndogo ya wageni huku Shanzu, Mombasa, boila liko uani, bahari unaisikia. Mwaka ule wa kwanza, Pasaka ilipopita nilizima moto, nikafungua koki, nikafunga mlango na kwenda zangu. Majivu sikuyagusa. Masika yakanyesha, kusi ikaleta chumvi yake. Nilipokuja kulijaza, maji yakachuruzika chini. Fundi akachukua bisibisi akaisukuma kwenye kona ya nyuma, pale majivu yalipolala: ikazama kama kwenye papai bivu. Hakusema neno, alinitazama tu. Faida yote ya Desemba ikaishia kwenye bamba jipya na kuchomelea.

Majivu huvuta unyevu wa hewani, yakishalowa hukaa yameng'ang'ania chuma miezi mizima. Kwetu hapa hata mvua si lazima.

Siku hizi moto wa mwisho nauwasha mkali, kuni kavu za mvinje au mwembe, ili ile lami ya moshi iliyoganda kwenye kuta za ndani ikauke. Kisha naliacha lipoe kabisa. Usiwe na haraka hapo. Makaa hujificha ndani ya majivu, mimi yalishanitoboa karai la plastiki. Majivu yote yakishatoka, funga pua na mdomo, shika kikwanguo na brashi ya waya. Lami iliyokauka hubanduka vigae vyeusi vinavyong'aa. Kwangua mpaka mlio ubadilike, kutoka ule mzito hadi chuma chenyewe kilie. Pembe za nyuma, chini ya wavu na fremu ya mlango ndipo watu wanapoparuza tu, na ndipo kutu inapoanzia. Bomba la moshi lisugue kabla ya hapo, maana uchafu wake wote unaangukia ndani. Mwisho napaka kuta oili nyepesi kwa kitambaa. Siku ya kuliwasha litatoa moshi wa kunuka kidogo, usishtuke.

Mlango nao: bana kipande cha karatasi, funga, kivute. Kikichomoka bila kukaza, kamba ya kuzibia imekwisha.

Sasa maji. Nasema ya ndani ya boila, si ya kuoga, ambayo hupita kwenye koili yake mbali, yaani bomba lililojikunja. Lijaze pomoni, kwa sababu penye hewa na unyevu ndipo chuma kinapooza. Ya kisima usitie. Visima vyetu vina chumvi na chokaa ya matumbawe. Mimi nakinga ya mvua. Tia dawa ya kuzuia kutu kwa kipimo cha kijitabu chako, kisha pima pH, yaani kipimo cha asidi ya maji. Maboila mengi ya aina hii hutaka kati ya 8 na 9. Dawa ikishaingia, washa pampu saa kadhaa ichanganyike, na baadaye iwashe dakika chache kila wiki mbili isije ikakwama. Feni ya kupulizia moto izime kwenye swichi kubwa, mijusi hupenda kulala humo.

Kama lako ni la mvuke wa presha, haya yangu yaache, mwite mkaguzi.

Juu ya bomba la moshi naweka kofia ya bati. Kamba yake naifunga kwenye mpini wa mlango wa kuni, kwa sababu mwaka mmoja nilisahau kuivua hiyo kofia, tukavuta moshi uani kama tunaokausha samaki.

Na huyo jirani anayekupa mbao za mashua kuukuu bure, mshukuru, lakini usizichome. Zimelowa bahari miaka, na chumvi ile ikiungua inakula chuma kuliko hayo majivu. Tengenezea benchi.