Kwa nini Bodø/Glimt walichelewa kuchukua ubingwa

Mkuu, umeuliza iweje Bodø/Glimt, klabu ya soka ya kaskazini mwa Norway iliyoanzishwa 1916, ibebe ubingwa wa ligi kwa mara ya kwanza 2020. Sehemu kubwa ya jibu ni kanuni. Klabu za kaskazini mwa Norway hazikuruhusiwa kucheza Kombe la Norway hadi 1963, wala kupanda ligi kuu hadi 1972. Hata hapo, vinara wa makundi mawili ya kusini ya daraja la pili walipanda moja kwa moja, ila kinara wa kaskazini alipelekwa kwenye mchujo dhidi ya washindi wa pili wa kusini. Glimt waliongoza kundi lao 1974 na 1975, wakakwama kwenye mchujo mara zote mbili. Uonevu mtupu, maana 1975 hiyohiyo walibeba Kombe la Norway! Walipanda 1976, na msimu uliofuata wakamaliza wa pili ligi kuu.

Haya mengine ni ya juzi tu. Walishuka 2016, wakarudi 2017, kocha Kjetil Knutsen akakabidhiwa timu 2018. Ubingwa wa 2020 ulikuja kwa pointi 81 na mabao 103 katika mechi 30. Wakaongeza 2021, 2023 na 2024. Zile 6-1 walizoipiga Roma ya Mourinho ni za Oktoba 2021, kwenye uwanja wao wa Aspmyra.