Usimshindishe Fereti Njaa Ili Ale Nyama Mbichi

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba fereti wake, yule mnyama mdogo mla nyama wa jamii ya kicheche anayefugwa nyumbani, amekataa nyama mbichi tangu asubuhi, na kwamba ameshauriwa amwondolee kabisa chakula cha punje, yaani vile vidonge vikavu vya dukani, kwa kuwa "njaa ikimbana atakula mwenyewe". Maneno hayo hayo niliambiwa mimi na mfugaji niliyemwamini, na kwa kuyafuata nusura nimpoteze jike wangu.

Alikuwa na umri wa miaka minne, na tangu aachishwe ziwa hakuwahi kula kitu ila punje kavu. Nilimwekea vipande vya moyo wa kuku. Akanusa, akarudi kinyumenyume, kisha akasukuma sakafu kwa pua kulizunguka bakuli kana kwamba anafukia uchafu. Nikauona huo ukaidi, nami nikakaidi zaidi. Jioni nilimkuta amelala kifudifudi, miguu ya nyuma imelegea, macho yamekodoka bila kunitazama, udenda ukimchuruzika huku akijiparura mdomo. Nilimpaka asali kwenye ufizi, nikamkimbiza kwa daktari wa wanyama, akaniambia kwamba sukari ya damu imeshuka mno. Uvimbe wa kongosho unaomwaga insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, kupita kiasi huwapata sana fereti waliovuka miaka mitatu, na wangu alikuwa nao bila mimi kujua.

Fereti si mbwa. Utumbo wake ni mfupi, chakula hupita kwa muda wa saa 3 hadi 4 tu, kwa hiyo kumshindisha njaa ni kumweka hatarini hata akionekana mzima. Isitoshe, huzoea harufu ya chakula katika miezi yake ya kwanza, na kisichonukia hivyo huenda asikitambue kabisa. Wangu hakuwa mkaidi; hakujua kwamba kile ni chakula.

Alipopata nafuu, na daktari akaridhia, nilianza upya. Nilisaga punje, nikazikoroga kwa maji ya uvuguvugu zikawa uji, nikachanganya nyama mbichi ya kusaga nusu kijiko, nikampaka mdomoni ili airambe. Ilinichukua wiki saba, nyingi zikiwa za kuchosha tu. Leo hutafuna shingo la kuku hadi mifupa ikasikika ikivunjika, mibichi bila shaka, kwa kuwa iliyopikwa hupasuka vipande vikali vinavyoweza kutoboa utumbo. Naungama kwamba ninajivuna.

Nyama tupu nayo haitoshi. Wafugaji wengi hulenga asilimia 80 ya nyama pamoja na moyo, wenye kirutubisho kiitwacho taurini kwa wingi, 10 ya mfupa, 5 ya maini na 5 ya viungo vingine kama figo; maini yakizidi, vitamini A huwa sumu. Anayemwambia mwenzake "mwache na njaa" pasipo kuuliza umri wala afya ya mnyama, heri anyamaze, maana atakayekesha na mgonjwa si yeye.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, rudisha punje bakulini usiku huu huu, kisha uanze na uji kesho. Kagua pia chini ya viti na nyuma ya makabati, kwani fereti huficha akiba na nyama mbichi huoza upesi. Mimi kipande cha firigisi nilikigundua siku ya tatu, ndani ya kiatu, nilipokwisha kukivaa.