Maswali yenu: Premio ya mwaka gani ninunue?

Maswali mengi yaliyonifikia safari hii yanazunguka gari moja, Toyota Premio, na pacha wake Allion. Kwa chini hizi mbili ni gari lile lile. Zinatofautiana sura na mapambo ya ndani. Kwa hiyo ninapomjibu wa Premio, mwenye Allion naye asikilize.

Nimeonyeshwa Premio mbili. Moja ni namba D, nyingine namba E na bei yake iko juu. Dalali anasema namba E ndiyo mpya. Ni kweli? (Msomaji, Temeke)

Ndugu yangu, herufi ya namba inakuambia gari liliandikishwa lini Tanzania, basi. Premio ya 2004 iliyokaa Japani miaka yote ikaja juzi itabeba namba E, na ya 2009 iliyoingia mapema itakuwa namba D. Namba E ina faida moja ya kweli: gari halijapigwa muda mrefu na mashimo yetu. Faida hiyo ina thamani yake, ila usiilipie kana kwamba umenunua gari jipya zaidi kwa miaka mitano.

Angalia mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi ya gari. Kisha vuta mkanda wa kiti hadi mwisho, uangalie chini kabisa. Mara nyingi kuna kitambaa kilichoshonwa chenye mwaka wa mkanda wenyewe. Mkanda kutangulia gari kwa miezi ni kawaida. Mkanda wa 2005 kwenye gari linaloitwa la 2008, uliza maswali makali au uondoke.

Nina hela ya Premio ya kati ya 2002 na 2009. Mwaka upi hausumbui? (Msomaji, Morogoro)

Hili ndilo swali lenyewe, na jibu halianzi na mwaka. Linaanza na injini.

Premio ya kwanza ilitoka mwishoni mwa 2001 ikaendelea hadi 2007. Desemba 2004 ilibadilishwa taa na sura kidogo, na watu wengi huilipia zaidi kwa sababu hiyo. Mimi nasema fungua boneti kwanza. Tafuta kibati chenye namba ya modeli. Namba hiyo ikiwa na NZT240, ndani kuna injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5. ZZT240 ni 1ZZ-FE ya lita 1.8. AZT240 ni 1AZ-FSE ya lita 2.0, ambayo mafundi wetu wanaiita D4.

Ya 1.5 ndiyo ninayoweza kumshauri mtu nikalala usingizi. Ni injini nyepesi, spea zake ziko kila duka kwa sababu imefungwa kwenye magari mengi ya Toyota, na fundi wa mkoani anaijua.

Ya 1.8 ni nzuri barabarani, lakini matoleo ya mwanzo ya 1ZZ-FE yanajulikana kwa kula oili. Pistoni zake zilikuwa na vitundu vidogo vya kurudishia oili. Vikiziba kwa masizi, ringi zinanata na oili inaungua. Baadaye Toyota ilizirekebisha. Ukiitaka, chomoa kijiti cha oili uone kiwango kabla muuzaji hajawasha gari. Kisha mwambie awashe, likae silensa, yaani lingurume bila kwenda, dakika kumi, umwombe akanyage mafuta ghafla huku wewe umesimama nyuma. Moshi wa bluu ukitoka, hilo si gari la kufanyia sevisi tu, ni la kufungua injini.

D4 sikushauri, na sisemi hivyo kwa kufuata maneno ya mtaani. Inanyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo valvu za kuingizia hewa hazioshwi na petroli na masizi yanajenga juu yake. Pampu yake ya presha kubwa haivumilii mafuta machafu. Kwenye nchi yenye petroli safi na fundi mwenye vifaa inaishi vizuri. Wewe unaendesha Morogoro hadi Ifakara.

Juni 2007 ikaja Premio ya pili, yenye kibati cha NZT260, ZRT260 au ZRT261. Hapa lita 1.5 ni ile ile 1NZ-FE, ya 1.8 ikawa 2ZR-FE, na ya 2.0 ikaachana na D4. Ndiyo maana Premio ya 2.0 ya 2006 na ya 2008 ni magari mawili tofauti kabisa, ingawa dalali atakuambia yamepishana miaka miwili tu. Kinyume chake, kati ya 1.5 ya 2005 na 1.5 ya 2006 sioni tofauti ya kulipia, chukua iliyotunzwa.

Jambo moja zaidi: injini zote hizi zina cheni ya taimingi. Anayekudai hela ya kubadilisha mkanda wa taimingi anakupima.

Premio yangu ya 2010 inatetemeka ikianza kuondoka. Mekanika anataka kubadilisha mafuta ya gia aweke ATF ya kawaida, yale mafuta ya giaboksi za kawaida za otomatiki. (Msomaji, Nakuru)

Kaka, mzuie leo. Premio yako ina giaboksi ya CVT, na ndani yake kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili. Mafuta yake maalumu ndiyo yanayofanya mkanda ushike bila kuteleza. ATF ya kawaida haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Tumia mafuta ya CVT yanayotajwa kwa gari lako, kisha lipimwe kwa mashine kabla ya kulaumu giaboksi. Plagi au koili mbovu nayo hutetemesha gari vivyo hivyo.

Anayenunua Premio ya pili, ile ya kuanzia Juni 2007, ajaribu gari likiwa la moto, baada ya nusu saa ya foleni, tena kwenye mlima. Likichelewa kushika ukiweka D, au likilia kwa sauti nyembamba inayopanda na mwendo, liache.

Gari ni la 2009, dashibodi inasoma kilomita 68,000. Niamini? (Msomaji, Dodoma)

Inawezekana, lakini isiwe kwa neno la mtu. Japani gari binafsi jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na cheti cha ukaguzi huandikwa kilomita. Omba karatasi za Japani. Zikikosekana, angalia mpira wa pedali ya breki na ngozi ya usukani upande wa mkono wa kulia. Kilomita 68,000 haziondoi meno ya pedali.

Nasikia eabegi za magari ya Japani zinaua. Niogope? (Msomaji, Tanga)

Uchukue hatua, dada. Magari mengi yenye eabegi zilizotengenezwa na kampuni ya Takata yaliitwa duniani kote ili zibadilishwe, kwa sababu kemikali ya eabegi hizo huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na ikilipuka inarusha vipande vya chuma. Pwani yetu ina vyote viwili. Toyota Japani ina ukurasa wa kutafuta kwa namba ya chesisi. Mwombe mtu anayejua mtandao akuangalizie kabla hujalipa.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nitumie kiinua mgongo chote kununua Premio ya 2008, au ya 2005 nibaki na akiba? (Msomaji, Songea)

Shikamoo mwalimu. Nunua ya 2005, ya 1.5. Siku ya kwanza badilisha oili na filta yake, mafuta ya giaboksi, na kipozeo cha rejeta. Usiweke maji matupu. Akague bushi na shokapu fundi uliyemchagua mwenyewe, asiwe wa muuzaji. Na mwambie muuzaji usiku uliotangulia asiliwashe gari kabla hujafika asubuhi. Ukifika, gusa boneti kwanza uone kama kweli ni la baridi.