Kilo 15 za kwenye boksi hazitaizuia lenzi yako kuinama

SWALI: Ninapiga picha za ndege kwa lenzi ya milimita 150 hadi 600. Kamera na lenzi kwa pamoja zina uzito wa kilo tatu hivi. Kichwa cha tripodi yangu, yaani sehemu ya juu inayoshika kamera, ni cha gololi (mpira unaozunguka kila upande), na kimeandikwa kuwa kinabeba kilo 15, lakini kila nikikikaza na kuachia mkono lenzi huinama kidogo na ndege hutoka katikati ya fremu. Mtu mmoja amenishauri niisugue gololi kwa msasa ili ishike, na mwingine amesema ninunue kichwa cha kilo 25. Nifuate ushauri wa nani?

JIBU: Usifuate wa yeyote kati yao, na huo msasa uuweke mbali kabla sijaendelea.

Karibu kila anayeniuliza habari za vichwa vya tripodi huanza na kilo, na ndiyo maana nitakaa hapo kwa muda. Hakuna kipimo kimoja ambacho watengenezaji wote wamekubaliana kukifuata. Mmoja anaweza kuweka mzigo wima juu ya gololi na kuandika uzito ambao kichwa kiliustahimili bila kuharibika. Mwingine akaulaza mzigo ubavuni na kuandika uzito ambao gololi ilianza kuteleza. Namba hizo mbili zinasimama kwenye boksi kana kwamba ni ndugu, ilhali hazina uhusiano wowote. Kwa hiyo kilo 25 za kampuni moja zinaweza kushikilia lenzi vibaya kuliko kilo 12 za nyingine.

Isitoshe, kinachoiinamisha lenzi yako si uzito peke yake, bali ni uzito ukizidishwa kwa umbali. Tuseme kitovu cha uzito wa kamera na lenzi yako kiko sentimita 10 juu ya gololi. Lenzi ikiwa imelala sawa, uzito unashuka moja kwa moja katikati na gololi haina kazi kubwa. Ukiinua lenzi digrii 30 kumtafuta ndege aliye mtini, kitovu hicho kinahama sentimita 5 kutoka katikati. Ukifika digrii 60, kinahama karibu sentimita 9. Kilo ni zilezile tatu, lakini nguvu ya kupindua inazidi kukua, na gololi inaizuia kwa msuguano tu. Hali hubadilika tena ukivuta zumu, kwa sababu lenzi nyingi za aina yako hurefuka na kuusogeza uzito mbele.

Kuna na jambo la pili ambalo watu hulichukulia kuwa ubovu wa kichwa. Unapokaza kifundo, yaani kile kitasa cha kuzungusha kwa mkono, kikombe cha ndani kinachoishika gololi huibana na kuisukuma kidogo sana. Ukiachia mkono, bamba linalounganisha lenzi na kichwa, mguu wa lenzi (kishikizo kilicho chini yake) na tripodi yenyewe hujikunja kidogo kwa kupokea mzigo. Mwenye lenzi ya milimita 24 hataliona hilo. Kwenye kamera ya fremu nzima, yaani yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35, lenzi hiyo huona takriban digrii 53 kwa kimo, hivyo kuinama kwa robo digrii ni nusu ya asilimia moja. Kwa milimita 600 kimo chote cha fremu ni digrii 2.3 tu, na robo digrii ileile inakula zaidi ya sehemu moja ya kumi ya picha. Unaweza kupima mwenyewe: elekeza lenzi kwenye alama ndogo iliyo mbali, kuza picha kwenye kioo cha nyuma, kaza, kisha ondoa mikono. Alama ikipanda mara moja na kutulia, vifaa vimejikunja. Ikiendelea kupanda polepole, gololi inateleza. Anayepiga picha ya mlima anaweza kulenga juu kidogo na kuacha lenzi ishuke mahali pake, lakini ndege hatakusubiri ufanye hesabu hiyo.

Kwa kazi yako unahitaji kichwa cha gimbali. Hiki hakishindani na uzito kwa kubana, bali hukiweka kitovu cha uzito kwenye mhimili wenyewe wa mzunguko, ili lenzi ibaki pale unapoiachia hata vifundo vikiwa vimelegezwa. Funga lenzi kwa mguu wake, kamwe si kwa kamera. Sogeza bamba mbele au nyuma hadi lenzi isiangukie upande wowote, kisha pandisha au shusha kitako kinachobeba lenzi hadi ukiielekeza juu ibaki juu. Fanya hivyo zumu ikiwa kwenye urefu unaoutumia zaidi. Kichwa cha gololi kibakize kwa lenzi fupi, ambako wepesi wake ni faida ya kweli. Anayepiga majengo au bidhaa atahudumiwa vizuri zaidi na kichwa cha gia, ambacho hurekebisha kila upande peke yake bila kuvuruga mwingine.

Sasa nirudi kwenye msasa, ambao si wewe wa kwanza kushauriwa. Gololi hushikwa kwa sababu ni mviringo kamili na laini, na kikombe kinaigusa kwa eneo pana. Ukiikwaruza, unaiondolea umbo hilo, na eneo la kugusana linapungua badala ya kuongezeka. Niliwahi kufungua kichwa kilicholetwa kwangu kwa madai kwamba kilitoka kiwandani kibovu: gololi ilikuwa na kibapa upande mmoja, na pete ya plastiki ya ndani ilikuwa imejaa unga mweusi wa chuma uliochanganyika na grisi ambayo mtu mwingine aliishindilia baadaye ili gololi isikwame. Fundi wa kwanza aliongeza msuguano, wa pili akauondoa, na wote wawili walilipwa. Kukaza kwa koleo nako ni kuharibu nyuzi za skrubu tu, kwani kifundo kisichotosha kwa nguvu za mkono kinakwambia kwamba kichwa si cha kazi hiyo.

Vichwa vilivyokarabatiwa namna hiyo huishia kuuzwa kama mitumba safi. Ukikutana na kimoja, legeza gololi kabisa, izungushe polepole kwenye mwanga unaotoka ubavuni, na uone kama kuna michirizi inayoelekea upande mmoja. Kisha kaza kidogo na uizungushe tena: ikiwa inateleza mahali fulani na kukwama mahali pengine, mrudishie mwenyewe hata akikupunguzia bei.