Herufi tatu ndani ya kofia ya babu yako

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema yule kijana wa studio ya picha hapo Ntinda, Kampala, anaitaka kofia ya babu yako awe anawavalisha maharusi, na bei atakayotoa itategemea ni ya mwaka gani. Unauliza pia kama uipeleke kwa dobi kwanza. La dobi nalijibu sasa hivi: usithubutu. La mwaka limeninyima usingizi.

Ile picha ya sebuleni unaijua, babu yako amesimama mbele ya kota za reli hapa Tororo, Oktoba 1962, siku ya Uhuru, mkono mmoja kwenye bega la bibi yako, mimi nikiwa bado tumboni. Kofia iko kichwani. Kwa hiyo kabla ya hapo ilikuwa imeshatengenezwa. Sasa upime ukingo wake. Nakumbuka ulikuwa kama inchi mbili hivi, na huo ni mwembamba. Kofia za miaka ya 1940 zilikuwa na ukingo mpana wa kumkinga mtu mvua. Ukingo ulianza kupungua miaka ya 1950 ikielekea mwisho. Halafu ndani, nyuma ya ule ukanda wa ngozi unaogusa paji la uso, kuna kikaratasi cha bei: 52/6. Hapo ndipo penye ushahidi. Shilingi yetu ya Afrika Mashariki ilikuwa na senti mia, kwa hiyo shilingi 52 na nusu ingeandikwa 52/50. Hiyo sita ni peni sita, nusu ya shilingi ya Uingereza, na Waingereza waliachana na hesabu hiyo Februari 1971. Kofia ilipachikwa bei dukani Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1950 au mwanzoni kabisa mwa miaka ya 1960. Mwambie hivyo huyo kijana.

Lakini babu yako alisema aliinunua mpya Nairobi, wiki aliyopandishwa cheo kuwa gadi wa treni. Umelisikia hilo tangu utoto, na shangazi yako alilirudia hata siku ya mazishi, watu wakaitikia kwa vichwa. Ndiyo maana siwezi kukutajia mwaka tu nikanyamaza.

Mwaka 1974 nilikuwa na miaka 11. Babu yako alikuwa safarini na treni ya Soroti, na Jumamosi ilikuwa arusi ya binamu yake kule Mbale. Kofia ilikuwa kwenye msumari wake, imepauka kwa vumbi la saruji. Unajua vumbi la Tororo lilivyo, linaingia hata kwenye chumvi. Nikasema nitamfurahisha baba. Nikachota maji ya moto karai zima, nikaikatia sabuni ya mche, nikaizamisha kofia na kuifikicha kama soksi.

Kwa hiyo ujue ninayokwambia kuhusu usafi nimeyalipia. Felti si kitambaa cha kufumwa, ni manyoya yaliyoshindiliwa kwa maji ya moto na mvuke mpaka yakakamatana. Ukiyarudisha kwenye maji ya moto na kuyasugua, yanaendelea kukamatana, na kofia inasinyaa. Hiyo yetu ni ya manyoya ya sungura, laini kama shavu la mtoto. Za sufu ya kondoo huwa na mkwaruzo mkavu ukizipitisha kidole, na mvua moja tu inazilegeza. Basi brashi laini, kavu, uanzie kwenye fundo la utepe upande wa kushoto, uzunguke kinyume cha mshale wa saa, ukifuata vinyweleo vilivyolala. Fanyia nje, na unawe mikono baadaye, maana viwanda vya zamani vilitumia zebaki kuandaa manyoya. Ukiona vitundu karibu na utepe, hao ni viwavi vya nondo, wanakula manyoya: ifunge kabisa kwenye mfuko wa plastiki na uiweke kwenye friza wiki mbili. Usiishike kwa kubana utosi wake. Babu yako angemchapa mtu kwa hilo peke yake.

Turudi kwenye karai. Ngozi ya ndani ilikunjuka mikononi mwangu, na nyuma yake pakatoka gazeti, limekunjwa mara nyingi kuwa utepe, limezunguka kichwa kizima. Lilikuwa Uganda Argus, jina nililiona kabla halijawa uji. Gazeti hilo lilianza 1955 na jina lake likabadilishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alilitia ili kofia isimshukie machoni. Na kwenye ngozi yenyewe, mahali jasho lilipoishia, palikuwa na herufi tatu za dhahabu, zile ambazo maduka ya kizungu yaliwapigia wateja wao. Hakuna hata moja iliyokuwa ya jina la baba yangu.

Babu yako alikuwa na neno lake, nawe umelirithi: jasho halidanganyi. Alilisema akitazama migongo ya mashati ya watu wa njia ya reli, kujua nani amefanya kazi na nani alilala kivulini. Nimelishika maisha yangu yote. Karatasi ya bei inaweza kubandikwa na yeyote, utepe unabadilishwa, hadithi ya familia inakua kila msiba, lakini fungua ngozi ya ndani uone jasho limeishia wapi. Mimi niliona madoa mawili ya jasho. Lile la chini, jeusi, lilikuwa la kichwa kikubwa.

Nani ananunua kofia mpya isiyomtosha? Najijibu: pengine duka lilikuwa na saizi moja tu. Na herufi je? Pengine ofisa fulani wa reli alimwachia akirudi kwao, wengi waligawa vitu vyao wakati wa Uhuru. Lakini kama ni zawadi, kwa nini useme Nairobi, kwa nini useme mpya? Siku hizi sote tunavaa mivumba, mitumba ya soko la Owino, na hakuna anayeona haya. Labda wakati ule ilikuwa aibu kwa gadi kuvaa kichwani kilichoachwa na mzungu. Hilo naweza kulielewa.

Lingine ndilo linalonikaa kooni. Gadi ndiye anayepita mabehewa mwisho wa safari, na abiria wa daraja la kwanza husahau vitu. Mwaka mmoja kabla ya hapo niliokota kalamu ya wino kwenye jukwaa la stesheni, nikaificha. Babu yako alinichapa viboko sita, kisha akanishika mkono tukairudisha kwa stesheni masta, mimi nikilia njia nzima. "Cha abiria ni cha abiria." Alilisema mara mbili.

Nilianika kofia juu ya mabati saa saba mchana. Jioni ilikuwa imekauka na kukunjamana, ngozi imepasuka nyuma. Babu yako aliporudi alikuta nimesimama nayo mlangoni. Akaichukua, akaigeuza, akatazama ndani. Gazeti halikuwepo. Akatazama herufi, kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu sana. Halafu akaivaa. Ilimkaa sawasawa, kama aliyepimwa.

"Imenikaa," akasema. Akaingia ndani kula.

Hakunichapa, mwanangu. Mtu aliyenipa viboko sita kwa kalamu. Angenichapa ningelala usingizi, ningejua ana haki ya kuchapa. Aliivaa kofia hiyo Mbale, akacheza nayo, akaivaa miaka 20 zaidi bila gazeti, na hatukuizungumza hata siku moja. Nakaribia kusema neno, kisha naona ile picha, mkono wake begani mwa mama yangu, nalimeza.

Kwa hiyo kuuza au kutouza sikwambii. Ingawa huyo kijana atawavalisha watu wanaotoka jasho la arusi, na vipodozi... basi, nimenyamaza. Ila ukiuza, usimwambie ilinunuliwa mpya Nairobi.

Kabla ya hapo nifanyie hili. Chemsha birika, shikilia kofia mbali kidogo na mvuke, mvuke upate felti bila kuiloanisha, ngozi isiguswe, kisha uikunjue ngozi polepole kwa vidole, usiivute, itakatika palipopasuka. Ukimaliza ilaze kwa utosi, ukingo ukiwa juu, ili usipoteze umbo. Halafu uende dirishani uzisome zile herufi tatu. Mimi nilikuwa mtoto, macho yamejaa povu la sabuni, na ile ya katikati ilikuwa imeanza kufutika. Nipigie unaposimama hapo hapo, uniambie wewe unazisoma vipi.

Baba yako,
Tororo