Maswali na majibu: 4,294,967,297, namba iliyomponza Fermat

Mwalimu, nimeigawa namba hii kwa 3, 7, 11 na 13, imegoma. Si tasa kweli?

Hata Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, alidhani ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe. Chukua 2 kwa vipeo vya 1, 2, 4, 8 na 16, kila mara ongeza 1: unapata 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote tasa. Inayofuata ni 2³² + 1, yaani hii yetu, naye akaamini mambo yataendelea vilevile. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler akaonyesha kuwa ni 641 × 6,700,417.

Hiyo 641 unaipataje bila kikokotoo?

Si kwa kubahatisha. Ipo kanuni, na Euler mwenyewe aliithibitisha: kigawo chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 64, lazima kibakize 1. Kwa hiyo 3, 7, 11 na 13 ulizihangaikia bure. Namba tasa za kujaribu zinaanza 193, 257, 449, 577, kisha 641. Jaribio la tano tu! Fermat alikuwa hodari wa hesabu kuliko wengi wa zama zake, na mpaka leo nashangaa hakufika hapo.

Nahakikishaje bila kugawa tarakimu kumi kwa mkono?

Hapa ndipo penye utamu. 641 ni 5 × 2⁷ + 1. Pia ni 5⁴ + 2⁴, yaani 625 + 16.

Kwa hiyo 5 × 2⁷ ni pungufu ya 641 kwa 1. Tuseme ukiigawa kwa 641, baki lake ni −1. Pandisha kwa kipeo cha 4: 5⁴ × 2²⁸ inabakiza 1. Lakini 5⁴ ni 641 kutoa 16, hivyo baki lake ni −2⁴. Liweke mahali pa 5⁴: −2⁴ × 2²⁸, yaani −2³², nayo inabakiza 1. Basi 2³² inabakiza −1. Ongeza 1, baki ni sifuri. Mistari mitatu ya daftari, kwisha kazi.

Ina vigawo vingapi?

Vinne: 1, 641, 6,700,417 na yenyewe. Hiyo 6,700,417 ni tasa.

Nimeandika programu ya kukokotoa 2³² + 1, inanipa 1. Nimekosea wapi?

Umetumia biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1, ambazo mwisho wake ni 4,294,967,295. Ukivuka hapo hesabu inarudi sifuri, na ile 1 ya kuongeza ndiyo unayoiona. Tumia biti 64. Halafu itazame hiyo 4,294,967,295 yenyewe: ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537.

Inaandikika kama jumla ya namba mbili za kipeo cha pili?

Ndiyo, tena kwa njia mbili. Ya kwanza iko wazi: 65,536² + 1². Ya pili imejificha: 62,264² + 20,449², yaani 3,876,805,696 + 418,161,601. Namba tasa haiwezi kuandikwa hivyo kwa zaidi ya njia moja. Kwa hiyo hata kama hujui lolote kuhusu 641, njia hii ya pili peke yake inatosha kuonyesha kuwa si tasa.