Upepo wa breki haupandi wenyewe

Swali: Nilibadilisha mpira wa breki wa gurudumu la nyuma, na tangu hapo pedali inazama. Fundi aliniambia niache kikopo cha mafuta ya breki wazi usiku kucha, upepo utapanda na kutoka wenyewe. Leo ni siku ya pili na sioni nafuu. Nifanyeje?

Jibu: Kaka, kwanza kifunge hicho kikopo. Ushauri huo naletewa kila mara na unanikera, maana anayeutoa anafikiria chupa ya soda. Ndani ya chupa kiputo hupanda kwa kuwa soda ina nafasi ya kupita pembeni yake na kushuka. Tundu la bomba la breki ni milimita 3 hivi. Humo kiputo hujaa bomba zima kama kizibo, na mafuta yaliyo juu yake hayana pa kushukia. Mwanahisabati F. P. Bretherton alishaikokotoa hesabu hiyo mwaka 1961: kwenye maji, bomba lililosimama wima likiwa na kipenyo chini ya milimita 5 hivi, kiputo hunasa. Mwaka 2019 watafiti wa EPFL, chuo kikuu cha Lausanne, Uswisi, walionyesha kwamba kinasogea, ila kwa mwendo ambao jicho halioni. Na bomba lako halikusimama. Limelala chini ya gari, tena lina kona.

Upepo huo hutoka kwa kusukumwa. Msaidizi akanyage pedali taratibu na kuishikilia. Wewe fungua nipo ya gurudumu, yaani kile kiskrubu cha kutolea upepo, mrija mwazi ukiwa umezama ndani ya chupa yenye mafuta ya breki, kisha funga kabla hajaachia. Rudieni mpaka viputo viishe, mkiongeza mafuta mapya. Kikopo kikikauka mnaanza upya.

Hasara kubwa ni huko kuacha wazi. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kufikia asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi 140. Dereva anateremka Kitonga na mzigo, breki zinapata moto, maji yanageuka mvuke, na mguu unafika sakafuni bila gari kupungua mwendo. Kwa hiyo badilisha mafuta yote. Na fundi yeyote anayemimina tena kikoponi mafuta aliyoyatoa kwenye nipo, mnyang'anye spana.